Miraba Minne ya Juu

Kila Alhamisi wanafunzi wa darasa la sita katika Shule ya Msingi Itembela hawakurudi nyumbani saa nane kama wengine. Walikula viazi walivyotoka navyo nyumbani, wakachukua majembe na kamba, wakapanga mstari nyuma ya Mwalimu Ezron na kupanda kwenye mgodi wa zamani.

Mgodi ule ulikuwa wa makaa ya mawe. Kwa miaka tisa baruti zililipuka pale kila mchana, hata kuta za nyumba zikapata nyufa na kuku wakaacha kutaga. Mwaka mmoja ukuta wa shimo uliporomoka, ukawafukia wachimbaji wawili ambao miili yao ilipatikana siku ya tatu. Kisha makaa yakapungua na kampuni ikafunga kazi. Shimo lilifukiwa kwa kifusi, juu yake ukamwagwa udongo, na mwezi wa Desemba mwaka 2003 wanakijiji wakapanda milusina, miti ya malisho, na mikaratusi, pamoja na nyasi za kushika udongo.

Wilaya ilikuwa imeweka sharti. Ardhi isingerudishwa kwa kijiji mpaka ithibitike kwamba imepona. Kwa hiyo Bibi Felista, afisa misitu wa wilaya, alichagua miraba kumi na miwili, kila mmoja wenye miche ishirini na mitano, akaizungushia vigingi vyekundu. Kila baada ya miezi mitatu wanafunzi walitakiwa kuhesabu miche iliyo hai na kupima urefu wake kwa fimbo yenye alama. Halafu walinyoosha kamba yenye mafundo mia moja kutoka kona hadi kona. Chini ya kila fundo waliangalia: je, kuna jani au udongo mtupu? Kwa njia hiyo walijua ardhi imefunikwa kwa kiasi gani.

"Tukipata miche minane hai katika kila kumi, na zaidi ya nusu ya mafundo yakagusa majani, baada ya misimu miwili ya mvua mtarudishiwa ardhi yenu," Bibi Felista aliwaambia watu siku ya kupanda.

Enesi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake, ndiyo maana Mwalimu Ezron alimpa daftari la miraba minne ya juu, akisaidiwa na mwanafunzi mwenzake Rozi. Nyumbani kwao, habari za ardhi ile hazikusemwa kwa sauti ya chini. Shamba la kahawa la baba yake, Boazi, lilikuwa hapo lilipochimbwa shimo. Siku tingatinga lilipong'oa mibuni yake, Boazi alilivamia kwa shoka, na kovu la kipigo alichopata kwa walinzi lilikuwa bado kwenye shavu lake. Alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Mlango wa jikoni ulikuwa na tundu pale alipowahi kuupiga ngumi.

Mwisho wa Januari siku ya kupima ilifika. Bibi Felista alikuwa safarini, na Mwalimu Ezron alibaki chini na makundi mawili yaliyopima miraba minane ya bondeni. Enesi na Rozi walipanda peke yao. Miraba yao ilikuwa juu kabisa, kwenye mgongo wa kifusi, mahali palipo na mteremko mkali. Walipofika nusu ya njia mvua ilianza. Radi ikapiga mti ng'ambo ya korongo, ukapasuka katikati kwa kishindo. Rozi alipiga kelele akajitupa chini.

Walijibanza chini ya bati la kibanda cha zamani cha mlinzi. Mvua ilinyesha kwa saa nzima. Ilipopungua, njia ya kupandia ilikuwa imegeuka mfereji wa tope jeusi.

"Mimi sipandi," Rozi alisema huku meno yakigongana. "Tutateleza tuvunjike. Na baridi hii!"

"Sasa tutaandika nini?"

"Andika ishirini na tano. Si ndiyo iliyopandwa? Nani atapanda huko kuhesabu tena?"

Enesi aliutazama mlima. Hakutaka kurudi kwa mwalimu na kurasa tupu. Akafungua daftari gotini, akaandika kwa mwandiko wake mzuri: mraba wa tisa, ishirini na mitano hai, wa kumi, ishirini na mitano, wa kumi na moja, ishirini na mitano, wa kumi na mbili, ishirini na mitano. Urefu na mafundo alivibuni pia. Kazi yote ilichukua dakika tano.

Wiki iliyofuata Bibi Felista alikuja shuleni akamsimamisha mbele ya wanafunzi wote.

"Miche mia moja kati ya mia moja!" alisema. "Kwa kweli mteremko ule ulinitia wasiwasi. Nilikuwa nimeomba lori la samadi na chokaa kwa ajili yake. Sasa naona hauna haja, tutalipeleka kijiji kingine."

Watoto walipiga makofi. Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mwanakombo, aliyekaa dawati moja na Enesi.

Baba yake Mwanakombo, Athuman, hakuwa mzaliwa wa Itembela. Alitokea Tanga, akafanya kazi ya kupakia magari Tunduma, kisha akawa anavusha bidhaa ndogo ndogo kati ya Isongole na Malawi. Alipochoka na barabara alinunua mbuzi na kujenga nyumba nyuma ya mgongo wa kifusi, mahali ambapo hakuna aliyetaka kukaa. Mkewe alikuwa amefariki. Alikuwa mtu wa salamu nyingi na maneno machache, na watu wa kijiji walimwita "mgeni" ingawa alikuwa amekaa pale miaka sita.

Mwisho wa Aprili Bibi Felista alirudi, safari hii akapima mwenyewe. Alipanda pamoja na Mwalimu Ezron, wajumbe wa kamati ya ardhi, na wanafunzi wa kushika kamba. Boazi alikuwa mjumbe wa kamati. Enesi alijaribu kubaki nyuma, lakini mwalimu alimwita mbele.

"Njoo na daftari lako. Hii ni sehemu yako."

Kwenye mraba wa tisa miche hai ilikuwa sita. Wa kumi, minne. Wa kumi na moja, tisa. Wa kumi na mbili, mitatu. Kamba iliponyooshwa, mafundo kumi na moja tu kati ya mia yaligusa majani. Mengine yote yalilala juu ya udongo mweusi. Enesi aliandika namba moja moja.

Mchana mkutano ulifanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Bibi Felista alisoma vipimo bila kupamba.

"Miraba minane ya bondeni inaendelea vizuri. Lakini hii ya juu, mwezi Januari ilikuwa na miche mia moja hai. Leo ina ishirini na miwili. Kwa matokeo haya, ardhi haiwezi kurudishwa kwa muda uliopangwa."

Watu walinung'unika. Boazi alisimama.

"Bibi, mche hauna miguu. Miche sabini na minane imekwenda wapi kwa miezi mitatu?"

"Bado sijui. Nitachukua udongo nikaupime. Naomba mtu yeyote asiharakishe kumlaumu mwenzake."

"Milusina ni chakula cha mbuzi!" sauti moja ilipaa kutoka nyuma. "Na nyuma ya mgongo ule kuna mbuzi wa nani?"

Enesi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwa Bibi Felista. Maneno yalimjaa mdomoni. *Januari sikupanda. Januari sikuhesabu.* Alimwona Rozi upande wa pili akitikisa kichwa taratibu: usiseme. Enesi akanyamaza. Bibi Felista aliaga, gari lake likashuka kuelekea wilayani, Itumba, na kabla vumbi halijatua wanaume walikuwa wamekwisha kushika marungu na mapanga.

Walipanda wakiwa kama arobaini. Enesi aliwafuata akikimbia, akamshika baba yake shati.

"Baba, subiri! Baba, sikiliza!"

Boazi alimsukuma bila kumtazama. "Rudi kwa mama yako!"

Athuman alikuwa akikatia mbuzi majani. Alipoona kundi linakuja aliangusha mundu chini na kuinua mikono yote miwili.

"Ndugu zangu, kuna nini?"

"Umekula ardhi yetu!" Boazi alipaza sauti.

"Mbuzi wangu wamefungwa tangu mvua zianze. Tazameni, nawakatia majani mwenyewe! Mwulizeni mwalimu, huwa ananiona..."

Hakumaliza. Boazi alimpiga rungu. Athuman alijikinga kwa mkono, na Enesi akasikia mfupa ukilia kama kuni kavu inayovunjwa. Athuman akaanguka magotini. Wengine wakamfuata kwa mateke na fimbo, kila mmoja akitaka zamu yake, hata wale ambao hawakuwa na shamba lolote juu ya mlima ule. Upande wa pili vijana walivunja zizi. Mbuzi walilia kama watoto. Walikatwa mapanga hovyo, migongoni na miguuni, mmoja akakimbia akiburuta mguu mpaka alipoangukia kwenye matete. Mtu aliwasha paa la zizi, na nyasi zilizokuwa kavu kwa ndani zikashika moto.

Mwanakombo alitoka ndani akikimbia. Alijilaza juu ya baba yake akamfunika kwa mwili wake.

"Mnamuua! Baba Enesi, mnamuua baba yangu!"

Jiwe lilirushwa, halijulikani na nani, likampiga kwenye paji la uso. Damu ilimtiririka machoni. Alipoinua kichwa alimwona Enesi amesimama kando ya moshi. Alimtazama tu, kisha akainamisha uso tena juu ya shingo ya baba yake.

Filimbi ililia. Mwalimu Ezron alikuja mbio, akajitupa katikati yao. Alipigwa fimbo mbili za mgongo kabla hawajamtambua.

"Mmepagawa?" alifoka, akihema. "Kuna mtoto hapa! Mnampiga mtoto!"

Mikono ilishuka mmoja baada ya mwingine. Watu wakaanza kutazama chini, halafu wakaondoka wawili wawili. Athuman alibebwa kwenye machela ya matete hadi zahanati, na Mwanakombo alitembea kando yake ameshika kitambaa kichwani.

Jioni ile Boazi alirudi nyumbani na paja la mbuzi begani. Wale wanaume walikuwa wamegawana nyama. Aliiweka juu ya meza.

"Pika," alimwambia mkewe, Ketrina.

Ketrina aliisukuma nyama ile kando. "Siipiki, Baba Enesi. Hii si nyama ya kununua wala ya kufuga. Hii imetoka kwenye kilio cha mtu."

Boazi aliipiga sufuria teke, maji ya moto yakaruka na kumchoma Ketrina mguuni. Hakulia. Alikaa chini akaanza kupaka ute wa yai mahali palipoungua. Boazi alisimama mlangoni akipumua kwa nguvu, kisha akatoka nje. Enesi alimsaidia mama yake kuokota sufuria. Alitaka kumwambia siku ileile, lakini kila alipofungua mdomo aliuona mkono wa Athuman ukivunjika, akaogopa kwamba wa kwake ungefuata.

Siku iliyofuata nafasi ya Mwanakombo kwenye dawati ilikuwa wazi. Wavulana wawili walikuwa wakiigiza jinsi mbuzi walivyolia. Mmoja alipomgeukia Enesi akicheka, Enesi alimrukia akamng'ata bega, na walitenganishwa wote wawili wakivuja damu. Wakati wa mapumziko Rozi alimvuta nyuma ya choo.

"Umekuwaje wewe? Kaa kimya! Wamesema kesho kuna mkutano. Yule mgeni asipohama na nyumba yake itachomwa. Akihama, yamekwisha."

"Yamekwisha vipi? Rozi, huenda ile miche ilikuwa imekufa tangu Januari."

"Na sisi tutakufa! Unadhani wakijua watatupiga kidogo?"

Saa nane Enesi alichukua jembe dogo la shule akapanda mlimani peke yake. Alipiga magoti katika mraba wa kumi na mbili akatazama mche mmoja mmoja, kama ambavyo alipaswa kutazama siku ile ya mvua. Vijiti vyote vilikuwa bado vimesimama. Mbuzi angekuwa amekata ncha na kuacha alama za meno. Vijiti hivi vilikuwa vizima hadi juu, vimekauka, vingine vikiwa na majani madogo ya mwanzo yaliyogeuka kahawia. Alichimba. Mizizi ilikuwa myeusi, mifupi, haikuwa imetoka hata kidogo nje ya udongo ule wa kitalu uliokuja nayo. Miche hii haikuliwa. Haikuwahi kushika mizizi.

Aling'oa mitano, akaifunga kwa kanga, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mwalimu Ezron. Alimkuta amelala kifudifudi kwenye mkeka, mkewe akimkanda mgongo kwa maji ya moto.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini, Enesi?"

Alimwambia yote akiwa amesimama, bila kumtaja Rozi. Mwalimu aliketi polepole. Aliichukua ile miche akaipapasa mizizi.

"Ulikuwa peke yako siku ile?"

"Daftari lilikuwa langu, Mwalimu. Mwandiko ni wangu."

"Nilipaswa kupanda na ninyi," mwalimu alisema. "Hilo ni kosa langu na nitalisema. Lakini la kwako hakuna anayeweza kulisema kwa niaba yako. Unajua baba yako atakuwa pale?"

"Najua."

"Bibi Felista anakuja kesho na polisi. Nimewatumia habari za Athuman. Sijui watafika saa ngapi. Watu wanaweza kuanza kabla."

Kweli walianza kabla. Asubuhi ya Jumamosi uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa, na marungu yalikuwa mengi kuliko viti. Mwenyekiti alipojaribu kusoma ajenda alizomewa. Vijana wachache walikuwa na dumu la mafuta ya taa. Athuman hakuwepo, alikuwa bado zahanati, lakini Mwanakombo aliketi chini kando ya mlango wa ofisi, kichwa kimefungwa bandeji. Alikuwa ameletwa apewe ujumbe wa kumpelekea baba yake.

Mwalimu Ezron alisimama. "Kabla hamjaamua, kuna mwanafunzi ana neno."

"Wanafunzi warudi shule!" mtu alipiga kelele.

Enesi alikwisha kupita mbele. Aliweka ile miche mezani.

"Hesabu ya Januari ni ya uongo," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, akairudia kwa nguvu. "Ni ya uongo! Mimi ndiye niliyeiandika. Mvua ilinyesha, sikupanda juu. Nilikaa kibandani nikaandika ishirini na tano mara nne. Sikuhesabu hata mche mmoja. Mbuzi wa Baba Mwanakombo hawakula..."

Hakumwona baba yake akija. Kofi lilimpata kwenye sikio, akaanguka kwenye vumbi. Masikio yalimvuma. Boazi alikuwa juu yake, mshipa wa shingo umetuna.

"Unaniaibisha mbele za watu? Nani amekufundisha kusema hayo?"

Enesi aliinuka. Damu ilimtoka puani, akaifuta kwa mkono wa shati la shule.

"Baba, nipige, lakini twende ukaone. Vijiti bado vipo. Hakuna hata kimoja kilichotafunwa. Mlimpiga mtu kwa sababu ya namba yangu."

Boazi aliinua mkono mara ya pili. Hapo Ketrina alitoka katikati ya wanawake, akichechemea kwa mguu ule ulioungua, akasimama kati yao. Nyuma yake akaja Rozi, analia kwa sauti.

"Na mimi nilikuwepo! Mimi ndiye niliyemwambia aandike!"

Boazi aliushusha mkono wake. Hapo ndipo gari la polisi liliposikika likipanda mlima.

Bibi Felista aliposikia yaliyosemwa hakutoa hotuba. Alisema, "Twendeni wote." Na wote walikwenda, pamoja na askari wawili na wale vijana walioliacha dumu lao njiani. Kwenye mraba wa tisa alichimba mashimo manne mbele ya macho yao, akang'oa miche mikavu na kuipitisha mkono kwa mkono. Kila mtu aliyefuga mbuzi alijua alama ya jino la mbuzi, na hakuna aliyeiona. Kisha aliweka udongo wa pale katika kikombe cha maji, akautikisa na kuchovya kipande cha karatasi ya kupimia. Karatasi iligeuka nyekundu. Alipima pia udongo aliokuja nao kutoka bondeni, na karatasi yake ikageuka kijani.

"Hiki ni kifusi kilichochanganyika na mabaki ya makaa," alieleza. "Juu hapa udongo mzuri uliwekwa mwembamba, mvua zikausomba. Kifusi kikilowa kinatoa uchachu unaounguza mizizi. Miche hii ilianza kufa ndani ya majuma machache. Laiti Januari ningeambiwa imebaki michache, samadi na chokaa vingeletwa hapa kabla mvua hazijaisha. Na Athuman angekuwa na mkono mzima."

Boazi alikuwa ameshika mche mmoja. Aliugeuza, akaupapasa kutoka chini hadi ncha, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akaketi juu ya udongo mweusi. Askari walipomwita jina aliinuka mwenyewe akanyoosha mikono. Wengine wawili walikamatwa pamoja naye. Alipopita mbele ya Enesi alisimama kidogo, kisha akaendelea kushuka na askari.

Majuma yaliyofuata yalikuwa magumu. Mtu alitupa mawe juu ya bati la nyumba yao mchana kweupe, na kisimani mwanamke mmoja alimwambia Enesi, "Mtoto wa kumfunga baba yake!" Ketrina alimjibu badala yake: "Aliyemfunga ni rungu lake mwenyewe." Boazi alikiri kosa mahakamani. Alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu, na yeye na wenzake wakaamriwa kumrudishia Athuman mbuzi wake na gharama za matibabu. Shuleni, Mwalimu Ezron aliomba radhi mbele ya wazazi kwa kuwaacha watoto wapande peke yao. Enesi na Rozi walinyang'anywa daftari, na kwa muhula mzima walibeba maji ya kumwagilia kitalu.

Mwanakombo alirudi darasani mwezi wa Juni akiwa na kovu juu ya jicho. Alihamia dawati jingine. Enesi alipomfuata kumwomba msamaha, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Siku ile kwenye moshi ulijua, na ulinyamaza. Hilo bado linaniuma."

Boazi alirudi Septemba, amekonda. Siku ya pili alipanda nyuma ya mgongo wa kifusi, Enesi akiwa nyuma yake. Athuman alikuwa akijenga zizi jipya kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulikuwa umeungana vibaya, haukunyooka.

"Nimekuja kwa miguu yangu," Boazi alisema. "Sikuleta maneno ya kujitetea. Nilikupiga bila kosa."

Athuman aliweka nguzo chini. "Mkono huu hautanyooka tena, Boazi. Kila nikishindwa kufunga kamba nitakukumbuka. Sitakudanganya kwamba nimesahau." Akamgeukia Enesi. "Lakini kama huyu angekaa kimya, mimi ningekuwa barabarani na mwanangu sasa hivi. Kamata nguzo hiyo."

Boazi alishika nguzo. Walifanya kazi hadi jua lilipoelekea magharibi, bila mazungumzo mengi.

Kabla ya mvua za mwaka ule kijiji kizima kilibeba samadi na chokaa hadi juu, debe kwa debe, na miche mipya ikapandwa. Mwisho wa Januari mwaka 2005 Bibi Felista alikuja kupima. Alimrudishia Enesi daftari, na Mwalimu Ezron alipanda nao. Mwanakombo alichaguliwa kushika upande wa pili wa kamba, akakubali. Walihesabu polepole, wakigusa kila mche.

"Mraba wa tisa, kumi na saba hai," Enesi alisoma. "Wa kumi, kumi na tisa. Wa kumi na moja, kumi na sita. Wa kumi na mbili, kumi na nane. Jumla sabini kati ya mia." Alisita. "Haijafika minane katika kila kumi, Bibi."

"Haijafika," Bibi Felista alikubali. "Na bado nimefurahi kuliko siku ile uliponiletea mia. Ile mia haikunisaidia kuponya hata mche mmoja. Hii sabini inaniambia wapi pa kuongeza samadi."

Aliwatazama wanafunzi waliomzunguka, wengine wakiwa na tope hadi magotini.

"Sikilizeni, wanangu. Mtu akiandika kitu ambacho hakukiona, hawezi kujua kitafika mikononi mwa nani na huyo atakitumia kufanya nini. Enesi alifikiri anaepa tu kupanda mlima siku ya mvua. Hakutaka mtu apigwe, lakini mtu alipigwa. Kwa hiyo kama hamkupima, andikeni kwamba hamkupima. Mkikuta sifuri, andikeni sifuri. Na mkiona uongo wenu umeanza kumuumiza mwenzenu, semeni siku ileile, hata kama mtapigwa, kwa sababu kila siku mnayochelewa kuna mwingine anayepigwa badala yenu."

Enesi alifunga daftari, na Mwanakombo akaanza kuikunja kamba.